Mkutano ulioandaliwa na wanawake wa nchi zinazopigana

Februari 1915, miezi sita tangu Vita Kuu ianze, wanawake wachache kutoka Uingereza, Ujerumani, Ubelgiji na Uholanzi walikutana Amsterdam. Wanaume wa kwao, isipokuwa wa Uholanzi, walikuwa wakiuana kwenye mahandaki. Wao waliketi pamoja kwa shughuli ya kikatibu kabisa: kupata ukumbi, kugawana gharama na kuandika masharti ya kuingia mkutanoni. Wiki zisizotimia 11 baadaye, wajumbe zaidi ya 1,100 kutoka nchi 12 walikuwa wamejaa ukumbi mjini The Hague. Mikutano ya namna hii husifiwa kwa ujasiri wa waliokuja. Hapa tutazame maandalizi yenyewe.

Tatizo la kwanza lilikuwa mwenyeji. Muungano wa kimataifa wa wanawake waliodai haki ya kupiga kura ulikuwa ukutane Berlin mwaka huohuo, na vita vikaufuta mwaliko. Daktari Aletta Jacobs wa Uholanzi akapendekeza wahamie nchini kwake, nchi isiyofungamana na upande wowote. Muungano haukutaka kubeba mzigo huo. Jacobs na wenzake wakauandaa mkutano kwa majina yao wenyewe badala ya jina la chama, wakaalika vyama pamoja na wanawake binafsi. Uamuzi huo uliwaondolea usumbufu wa kungoja kikao cha chama kimoja kimoja kitoe baraka.

La pili lilikuwa fedha. Waingereza, Wajerumani na Waholanzi walikubaliana kila upande uchangishe theluthi moja. Hapo kuna hesabu na kuna siasa. Kwa kuwa hapakuwa na mfadhili mmoja, hapakuwa na wa kusema mkutano ni wake, na serikali yoyote ingepata shida kuuita mradi wa adui. Sisi tuliozoea kufungua maandalizi kwa orodha ya posho tuna la kujifunza hapo.

La tatu, na ndilo lililouokoa mkutano, lilikuwa uzio wa ajenda. Aliyetaka kuwa mjumbe alipaswa kukubali mambo mawili: kwamba migogoro ya mataifa imalizwe kwa njia ya amani, na kwamba wanawake wapewe haki ya kupiga kura. Mada mbili zilipigwa marufuku: nani alaumiwe kwa vita hivi, na vita viendeshwe kwa kanuni zipi. Wengine waliona huko ni kuukwepa ukweli. Lakini fikiria Mbelgiji ambaye nchi yake imekaliwa na jeshi la Kijerumani akiwa ukumbi mmoja na Mjerumani. Swali la lawama lingefunguliwa asubuhi, mchana kusingekuwa na mkutano.

Kuhusu usafiri, hakuna mpango ungetosha. Waingereza 180 hivi walitaka kwenda. Serikali yao ikakubali kuwapa pasipoti wachache tu, kisha Bahari ya Kaskazini ikafungwa kwa abiria. Walioingia ukumbini walikuwa watatu, nao hawakusafiri na kundi hilo. Wamarekani zaidi ya 40, pamoja na Jane Addams aliyekuja kuwa mwenyekiti, walizuiwa siku kadhaa ndani ya meli Noordam karibu na Dover, wakawasili mkutano ukikaribia kuanza. Wabelgiji watano walitoka Antwerp kwa gari hadi mpakani, wakapekuliwa hadi mwilini, wakatembea kwa miguu saa mbili ndipo wakapata treni upande wa Uholanzi.

Siku nne, Aprili 28 hadi Mei 1, zilizaa maazimio 20. Azimio la kupeleka wajumbe kwa watawala, alilolishupalia Rosika Schwimmer wa Hungaria, lilitekelezwa katika miezi iliyofuata, na viongozi wa nchi zinazopigana na zisizopigana wakatembelewa. Kubwa zaidi kwa mwandaaji ni kwamba hawakutawanyika kabla ya kuunda kamati ya kimataifa, yenye ofisi Amsterdam, na kuamua kikao kijacho: kitafanyika wakati na mahali serikali zitakapokaa kuandika mkataba wa amani.

Hapo palikuwa na kasoro. Kikao cha serikali kilipokuja kuwa Paris mwaka 1919, wanawake wa nchi zilizoshindwa hawakuweza kwenda. Kamati ikahamishia mkutano Zürich mwezi Mei, na huko ndiko ilikochukua jina la Ligi ya Kimataifa ya Wanawake kwa Amani na Uhuru, ambayo ipo hadi leo. Kasoro nyingine haikurekebishwa kwa kuhamisha ukumbi: katika zile nchi 12 za mwaka 1915 hapakuwa na hata moja ya Afrika, ilhali mizinga ilikuwa imeshalia Tanga tangu Novemba 1914. Waliobebeshwa mizigo ya majeshi katika Tanzania ya leo hawakuwa na kiti.

Hukumu yangu ni kwamba mkutano ule haukusimamisha vita, lakini kwa ufundi wa uandaaji ulifaulu, kwa sababu kamati iliendelea na kazi baada ya ukumbi kufungwa. Ukipewa ukatibu wa kikao cha watu wasioelewana, kabla ya kutafuta ukumbi andika mambo matatu: kipi hakitajadiliwa, nani analipa, na nani atabaki na mafaili wageni wakishaondoka.