Kuiga na Kubuni: Michezo ya Katuni na Asili Yake katika Televisheni ya Marekani

Mchezo wa katuni uitwao The Flintstones ulipoanza kuonyeshwa nchini Marekani tarehe 30 Septemba, 1960, mtazamaji mzoefu wa televisheni hakuhitaji kuelezwa Fred Flintstone ni nani. Unene wake, makelele yake, uchu wake wa utajiri wa ghafla, jirani yake mpole na mke wake asiyedanganyika vilikuwa vimekwisha kuonekana katika The Honeymooners, mchezo wa Jackie Gleason. Mwaka uliofuata, watengenezaji wale wale, William Hanna na Joseph Barbera, walitoa Top Cat, ambao mhusika wake mkuu alifanana mno na Sajini Bilko wa The Phil Silvers Show. Ni rahisi basi kuihukumu michezo hii kwa neno moja, yaani kuiga, na kuifunga kesi. Lakini msimulizi wa ngano haulizwi hadithi ameitoa wapi; huulizwa ameifanyia nini. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba michezo hii ya katuni ilipungukiwa na uzito kila ilipoifuata asili yake hatua kwa hatua, na ikapata uhai wake pale ilipothubutu kuiacha.

Yafaa kuanza na asili yenyewe. Vipindi 39 vya The Honeymooners vilivyoonyeshwa mwaka 1955 na 1956 viliigizwa mbele ya hadhira iliyokuwa ukumbini, na sehemu kubwa ya matukio hutokea katika chumba kimoja huko Brooklyn. Ralph Kramden ni dereva wa basi mwenye mshahara wa dola 62 kwa wiki; rafiki yake, Ed Norton, hufanya kazi katika mifereji ya maji machafu. Chumbani mna meza, jiko, sinki, na sanduku la barafu badala ya jokofu la umeme. Ufukara huu si pambo la jukwaa. Ndio unaosukuma kila tukio. Katika kipindi cha kwanza, Alice, mkewe Ralph, amechoka kukodolea macho kuta zile zile kutwa nzima, naye anataka televisheni. Ralph hana uwezo, kwa hiyo anashirikiana na Norton kuinunua. Matokeo yake ni ugomvi wa watu wazima wawili juu ya nani aangalie nini. Hadhira hucheka, lakini chanzo cha kicheko ni jambo zito: kaya mbili za wafanyakazi zimelazimika kugawana chombo kimoja.

Kipindi cha kwanza cha The Flintstones nacho kina marafiki wawili na wake zao. Fred anajitia mgonjwa ili asiende kwenye opera na mkewe, Wilma, kisha yeye na Barney Rubble wanakwenda kucheza bolingi kwa chombo cha kurukia angani kinachoendeshwa kwa nguvu za miguu. Hila hiyo ingeweza kuwa ya Ralph na Norton. Hata hivyo, jambo moja la msingi limebadilika. Fred ni kibarua wa machimbo ya mawe, lakini ana nyumba yake, gari lake, na jirani mwenye ndege. Uhitaji umeondoka, kilichobaki ni matamanio. Ralph hudanganya kwa sababu kuta zimembana, ilhali Fred hudanganya kwa sababu opera inamchosha. Ukinzani upo, lakini kina chake kimepungua. Kwamba The Flintstones uliendelea hadi 1966 na kufikisha vipindi 166 si hoja ya kuikanusha tofauti hii, kwani wingi wa vipindi ni kipimo cha soko, si cha sanaa.

Tofauti ya pili inahusu mwili wa mwigizaji. Ralph anapokasirika hukunja ngumi na kutishia kumrusha mkewe hadi mwezini. Mtazamaji wa leo ana haki ya kukerwa na kicheko kilichoupokea utisho huo. Hata hivyo, ni lazima itazamwe pia namna Audrey Meadows anavyomwigiza Alice: anasimama mbele ya mwanamume mwenye umbo kubwa, harudi nyuma hata hatua moja, naye humjibu kwa maneno machache yanayomwacha mume akiwa mdogo. Ujasiri huo una thamani kwa kuwa ngumi ile ni ya mtu halisi. Mchoraji wa katuni hana ngumi ya namna hiyo, kwa sababu mwili uliochorwa haujui maumivu. Jiwe humwangukia Fred kichwani naye akainuka mzima. Kwa kawaida hasira ya Fred huishia kwenye makelele. Kimaadili huenda hilo likahesabiwa kuwa ni nafuu, lakini kisanaa ushindi wa Wilma ni wa bei rahisi, maana hakukabili hatari yoyote.

Endapo uhakiki ungekomea hapo, The Flintstones ungekuwa kivuli tu. Lakini katuni ina uwezo ambao jukwaa la Gleason halikuwa nao, nao unadhihirika katika vyombo vya nyumbani. Ndovu mdogo mwenye manyoya hufyonza vumbi kwa mkonga. Ndege hutumia mdomo wake kama sindano ya santuri. Kisha mnyama huyo humgeukia mtazamaji na kunung'unikia kazi aliyopewa. Katika enzi ambayo matangazo ya biashara yaliahidi kwamba mashine zingemwondolea binadamu kila taabu, mchezo huu uliipa mashine uso na kinywa. Taabu haikuondoka, ilihamishiwa kwa mwingine. Fred mwenyewe, anayefokewa na bwana wake kazini, huwa bwana mara afikapo nyumbani. Tashtiti hii haikutoka kwa Gleason. Inauma zaidi ikikumbukwa kwamba katika miaka ya mwanzo mchezo wenyewe ulidhaminiwa na sigara za Winston, na Fred na Barney walichorwa wakizivuta ili kuzitangaza.

Top Cat, uliokuwa na vipindi 30 katika miaka ya 1961 na 1962, unathibitisha hoja hii kwa njia nyingine. Ukaribu wake na asili ni wa wazi: Maurice Gosfield, aliyemwigiza askari Doberman chini ya Bilko, ndiye aliyetoa sauti ya paka Benny. Lakini Bilko ana cheo, na hila zake nyingi huwanyang'anya fedha askari walio chini yake. Paka huyu hana cheo. Hulala katika pipa la taka na hutumia simu ya polisi bila ruhusa. Kwa kumshusha mjanja hadi chini kabisa, watengenezaji walibadilisha maana ya ujanja wenyewe. Wa Bilko ni ujanja wa mwenye mamlaka anayetaka zaidi. Wa paka ni ujanja wa mnyonge mbele ya mwenye nguvu, na msomaji wa ngano za Sungura na Fisi ataufahamu mara moja.

Kwa hiyo swali la nani alimwiga nani halitoshi. Swali lenye manufaa ni lile la mabadiliko: mhusika alipohamishwa, ni nini kilichoachwa njiani, na ni nini kilichookotwa? Chumba cha Alice kiliachwa, na hiyo ni hasara. Manung'uniko ya ndovu mwenye kufyonza vumbi yaliokotwa, na hapo ndipo mwigaji alipogeuka kuwa mbunifu.