Kumbukumbu Isiyokumbuka: Uhakiki wa Istilahi Moja ya Kompyuta

Kazi ya mtunga istilahi haikomi pale neno linapochapishwa katika orodha. Neno hutoka ofisini likaenda darasani, dukani na katika hati za mapatano, na huko ndiko linakopimwa. Katika makala haya nakusudia kulihakiki neno moja tu, nalo ni kumbukumbu, kwa kulitazama likifanya kazi mahali pamoja: Olasiti, upande wa magharibi wa jiji la Arusha, katika shughuli ya kuchagua kompyuta ya kuhariri video.

Kikundi cha vijana watano wa Olasiti hurekodi video za harusi, za sherehe za kuwaaga mabinti na za kipaimara. Vijana hao walipopata mkopo wa kununua kompyuta, waliniletea karatasi ya sifa za mashine waliyoitaka, iliyoandikwa kwa Kiingereza, ili niifasiri. Walitaka kila mwanachama aielewe hati kabla ya kuitia saini, kwa kuwa deni lilikuwa la wote. Nami nikaandika, bila kusita, kwamba kompyuta iwe na "kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 16". Muuzaji akaisoma hati hiyo, akaleta mashine, akalipwa.

Kazi ya kwanza ilikuwa harusi iliyorekodiwa kwa kamera mbili. Mara tu picha za kamera hizo zilipopangwa pamoja na sauti, mashine ilianza kukwama, kisha programu ikajifunga yenyewe. Ilikuwa hivyo kila walipojaribu. Siku ya makabidhiano ikapita, na vijana wakalazimika kumrudishia mwenye harusi malipo yake ya awali. Waliponiita niitazame mashine, mmoja wao aliniuliza kwa upole: "Kaka, kumbukumbu si hiyo hapo, 256?" Kweli ilikuwapo. Lakini hizo gigabaiti 256 zilikuwa za diski ya kutunzia mafaili. Ile sehemu niliyoikusudia mimi ilikuwa na gigabaiti 4 tu, tena imechomelewa kwenye bodi, haiwezi kuongezwa. Muuzaji hakudanganya, maana 256 ni zaidi ya 16. Kosa lilikuwa katika neno, na neno nililiandika mimi.

Hapana budi kwanza tuvieleze vitu vyenyewe. Kompyuta ya kuhariri video ina vitu vitatu ambavyo vyote huitwa kumbukumbu. Cha kwanza ni mahali ambapo programu huiweka kazi wakati inapoishughulikia, kama fundi cherehani anavyotandaza vitambaa mezani. Meza ikiwa ndogo, kazi hukwama hata kama ghala ni kubwa. Kwa video za kawaida gigabaiti 16 hutosha. Kwa video za 4K zenye picha nyingi za kupangwa pamoja, 32 ni salama zaidi. Cha pili ndicho ghala lenyewe, yaani diski. Kamera inayorekodi kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde hujaza gigabaiti 45 kwa saa moja. Kamera mbili zikirekodi kwa saa tatu hujaza gigabaiti 270. Ukubwa wa ghala una maana, na kasi yake pia ina maana, kwani diski ya sahani inayozunguka husoma kiasi cha megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde, hali diski zisizo na sehemu inayozunguka huanzia kiasi cha 500, na zile za kisasa hupita 3,000. Cha tatu kimo ndani ya kadi ya picha, nacho hutumiwa na kadi hiyo peke yake inaporekebisha rangi na kuonyesha picha. Mnunuzi anayeambiwa neno moja kwa vitu vitatu hana njia ya kujua anachonunua.

Lakini wingi wa maana si dosari pekee, wala si kubwa kuliko zote. Maneno mengi yana maana zaidi ya moja, na muktadha huyatenga. Dosari kubwa ni kwamba neno hili, katika maana tuliyolipa, linakwenda kinyume cha maana yake ya asili. Mtumishi wa serikali anajua kumbukumbu za mkutano ni nini: ni yale yaliyoandikwa ili yasipotee. Tunayo Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambayo kazi yake ni kutunza. Kwa Mswahili, basi, kumbukumbu ni kitu kinachodumu. Sasa tazama: ile sehemu ya kompyuta tuliyoipa jina hili husahau kila kitu mara tu umeme unapokatika. Kijana wa Olasiti ambaye hajahifadhi kazi yake, taa zikizimika, hupoteza yote yaliyokuwa ndani ya hiyo "kumbukumbu", na yanayosalia ni yale yaliyomo kwenye diski. Hivyo muuzaji aliyeiita diski kumbukumbu alilitumia neno kwa Kiswahili safi kuliko afisa wa istilahi.

Yako maneno ya kulitetea. Mtu anaweza kusema kwamba neno limekwisha kuenea, na kwamba Kiingereza nacho hutumia neno la aina hiyo hiyo. Hoja ya pili haina uzito. Sitiari ya lugha nyingine si mzigo wetu wa kubeba, hasa pale inapopotosha. Tunao ushahidi kwamba tukitafuta ndani ya lugha yetu tunapata. Neno kichakataji limetokana na kuchakata, kitenzi ambacho wakulima na wafanyakazi wa mkonge wamekizoea: malighafi huingia upande mmoja, kitu cha kufaa hutoka upande wa pili. Hali kadhalika viini vya kichakataji havihitaji maelezo marefu. Hoja ya kwanza ni nzito zaidi, lakini inatugeukia sisi wenyewe. Mafundi na wauzaji wa Arusha hawasemi kumbukumbu wanapotaja ile meza ya kazi, husema ramu. Neno lililoenea ndilo hilo, kama vile kompyuta lilivyoenea hapa kwetu, na tarakilishi, pamoja na ustadi wa waliolitunga, likabaki kwa wachache.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Mosi, ile meza ya kazi iitwe ramu, na ile iliyo ndani ya kadi ya picha iitwe ramu ya kadi ya picha. Wako watakaosema kwamba ramu ni kileo. Lakini hakuna anayeagiza kileo kwa gigabaiti. Pili, ghala liitwe hifadhi, kwani kitenzi kuhifadhi tayari kinatumika kwa tendo lenyewe. Tatu, kumbukumbu liachiwe kazi yake ya zamani, na lisiandikwe peke yake katika hati yoyote ya ununuzi wa kompyuta.

Kwa faida ya wafasiri na maafisa ugavi, hati ya vijana wale ingepaswa kusomeka hivi: "Kichakataji chenye viini visivyopungua 8, ramu isiyopungua gigabaiti 16, inayoweza kuongezwa, hifadhi isiyopungua terabaiti 1, katika diski isiyo na sehemu inayozunguka, kadi ya picha yenye ramu yake isiyopungua gigabaiti 6." Muuzaji akiisoma hati hii hawezi kuleta mashine ya ramu ya gigabaiti 4 akabaki na haki.

Vijana wa Olasiti bado wanalipa deni la mashine isiyowafaa. Hawakunilaumu, nami sikuwa na neno la kuwaambia ila kwamba nitaliandika jambo hili mahali ambapo wenzangu watalisoma. Walimu na wafasiri wanaotumia kumbukumbu katika maana hizi wanaombwa wayajaribu mapendekezo haya katika kazi zao, na watuandikie pale yanapokwama.