Wanaoubeba Msimu

Ligi za chini za kandanda nchini Kenya, zile za kaunti na kaunti ndogo, hazina kamera. Zina watu, na ndio ninaowapongeza. Huku Oldonyiro, Kaunti ya Isiolo, kabla ya mechi, kuna aliyekwisha kuokota miiba ya migunga uwanjani, maana mwiba mmoja hutoboa mpira, na pia mguu wa asiye na njumu. Mwingine huchora mistari kwa majivu. Upepo ukiifuta, anaichora tena. Timu ikialikwa Isiolo mjini, kocha ndiye anayebembeleza nafasi kwenye lori la mifugo. Jezi hufuliwa kwake, kwa maji ya kununua kwa mtungi. Ukame ukizidi, vijana huhama na ng'ombe, naye huzunguka manyattani kusaka wachezaji mpaka watimie kumi na mmoja. Kwa yote hayo halipwi hata nauli.