Kugeuza Mfumo wa Diski Pasipo Kupoteza Amana Iliyomo

Wapiga picha za harusi wa Kamembe, nchini Rwanda, ambao kazi huwachukua toka Bugarama bondeni hadi ng'ambo ya Mto Rusizi katika jiji la Bukavu, waliko wakwe wa jamaa wengi wa upande wetu, aghalabu hukutana na mkasa mmoja: filamu imekwisha kuhaririwa, diski ya nje ina nafasi tele, na hata hivyo kompyuta yakataa kuinakili, ikitoa habari ya kwamba faili ni kubwa mno. Mwenye diski hudhani imeharibika. Fundi naye, mwenye wateja wengine wanaomngoja mlangoni, humjibu ya kuwa hapana budi ifomatiwe. Na hapo ndipo picha za marehemu, za ubatizo, za nikahi na za watoto walipokuwa wadogo hupotea zote kwa ajili ya hitilafu ambayo haikuwa ugonjwa hata kidogo. Nakusudia kueleza jinsi diski kama hiyo iwezavyo kutolewa katika mfumo wa FAT32 ikaingizwa katika mfumo wa NTFS ilhali mafaili yake yote yamo ndani, na kwa nini jambo hilo, ambalo kwa asiyelijua lafanana na muujiza, ni kazi ya hesabu iliyopangwa kwa hadhari kubwa.

Asili ya mkasa huo ni ufinyu wa tarakimu. FAT32 ilitoka mwaka 1996 pamoja na toleo la pili la Windows 95, zama ambazo hapana mtu wa kawaida aliyewaza ya kuwa faili moja lingeweza kushinda gigabaiti 4. Kwa hiyo ukubwa wa kila faili ukawekewa biti 32 tu, na namba kubwa kupita zote iwezayo kuandikwa humo ni 4,294,967,295. Filamu iliyotengenezwa kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde hula baiti milioni moja kila sekunde, na hivyo hugota kwenye ukuta huo baada ya dakika 71 na nusu; na kila aliyehudhuria kutoa mahari katika nchi yetu ajua ya kuwa hotuba za wazee wa pande mbili, peke yake, zaweza kupita muda huo kabla bibi arusi hajatolewa nje. NTFS haina ufinyu huo, kwani ukubwa wa faili huuandika kwa biti 64. Na ajabu ni kwamba imeitangulia FAT32 kwa miaka mitatu, maana ilikuja na Windows NT 3.1 mwaka 1993. FAT32 imedumu kwa sababu kila chombo chaisoma, kuanzia kamera na televisheni hadi redio ya gari, na wauzaji wa diski wakapendelea kuziuza katika hali hiyo ili mnunuzi asipate taabu.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Diski ni kama ghala la mfanyabiashara, ambamo magunia yamepangwa kwa safu na karani ana daftari lionyeshalo kila mzigo ulipo. Na FAT32 na NTFS hazihitilafiani katika magunia bali katika daftari. Daftari la FAT32 ni jedwali liwekwalo mwanzoni mwa diski, ambamo kila kipande cha faili hutaja kipande kinachokifuata, hicho nacho hutaja cha tatu, mpaka mwisho, mfano wa mnyororo. Daftari la NTFS huitwa Jedwali Kuu la Mafaili, na kila faili lina ukurasa wake humo, aghalabu wa baiti 1,024, uelezao ya kuwa faili laanzia mahali fulani na laendelea vipande kadha wa kadha. Basi kugeuza mfumo si kuhamisha mizigo, bali ni kuandika daftari jipya linalotaja mizigo ileile mahali palepale ilipo. Huo ndio msingi wa jambo zima, na fundi aliyeufahamu hana haja tena ya kuogopa, wala hana udhuru wa kufomati.

Programu iitwayo convert, iliyomo ndani ya Windows, hufuata utaratibu ambao nauhesabu kuwa miongoni mwa kazi nzuri zaidi za uhandisi wa kompyuta za nyumbani. Kwanza huikagua diski nzima, na ikiona daftari la zamani lina makosa, husimama. Kisha huhesabu kama nafasi iliyo wazi yatosha kwa daftari jipya. Vipande vichache vya mafaili vilivyokaa mahali ambapo NTFS haina budi kuweka nguzo zake huhamishwa; vingine vyote haviguswi. Halafu Jedwali Kuu lote na viandamano vyake huandikwa katika nafasi ile iliyo wazi, ambayo kwa macho ya FAT32 ni uwanja mtupu, hata ikawa kwa muda diski ina madaftari mawili, la zamani lililo halali na jipya lisilotambuliwa na mtu. Tendo la mwisho kabisa ni kuandika sekta ya kwanza ya diski, ile ambayo kompyuta huisoma ili kujua diski ni ya mfumo gani. Na ni tendo hilo dogo tu lipitishalo uhalali toka daftari moja hadi jingine. Umeme ukikatika kabla yake, diski ingali FAT32. Ukikatika baada yake, ni NTFS. Mlango wa hatari haukuzibwa kabisa, lakini umefanywa kuwa mwembamba mno.

Ushahidi wa nguvu ya njia hii ulionekana duniani tarehe 27 Machi 2017, kampuni ya Apple ilipotoa iOS 10.3, na simu za iPhone zisizohesabika zikahama toka mfumo wa HFS+ hadi APFS mifukoni mwa watu, pasipo kufutwa kitu. Wakuu wa kampuni hiyo walieleza mwaka uleule ya kuwa katika matoleo yaliyotangulia simu zilikwisha kufanyiwa mageuzi hayo kwa majaribio, matokeo yakakaguliwa, kisha zikarudishwa kama zilivyokuwa, wenyewe wasijue. Linux nayo, katika kugeuza ext4 kuwa Btrfs, huihifadhi picha ya daftari la kale ndani ya diski, na mtu aweza kurejea maadamu hajaifuta. Convert ya Windows haina fadhila hiyo: ukishavuka, hakuna amri ya kurudi FAT32 illa kufomati.

Hatari iliyobaki, basi, haitoki katika programu bali katika diski mgonjwa na katika umeme. Diski inayogongagonga, au inayochukua dakika nzima kufungua folda, haifai kugeuzwa. Yafaa kuokolewa kwanza, maana ukaguzi mrefu waweza kuimaliza. Ama umeme, ijapokuwa Mto Rusizi wazungusha mitambo inayohudumia Rwanda, Burundi na Kongo, radi za jioni zitokazo upande wa Nyungwe hazimhurumii fundi wa Kamembe. Kompyuta ya mkononi yenye betri nzima yatosha kwa diski ndogo, kwa kuwa hiyo hula umeme kwa waya uleule wa data. Lakini diski kubwa ya mezani yenye adapta yake huzimika papo hapo hata kama kompyuta ingali inawaka, na wengi hawalikumbuki jambo hili mpaka limewafika.

Utendaji wenyewe ni mfupi. Diski ikiwa na herufi E, hufunguliwa dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, ikaandikwa chkdsk E: /f ili makosa yasahihishwe, kisha convert E: /fs:ntfs. Kompyuta hapo huuliza jina la diski, na isipojibiwa kwa jina lake hasa, hukataa kuendelea. Wengine hukereka, nami nasema ni kinga njema, kwani yamlazimisha fundi kuthibitisha ya kuwa diski anayoigusa ndiyo aliyoikusudia. Muda wa kungoja hautegemei sana ukubwa wa diski bali wingi wa mafaili, kwa vile kila faili lataka ukurasa wake katika Jedwali Kuu. Hivyo diski yenye filamu chache nzito humalizika upesi kuliko yenye maelfu ya picha ndogo. Ikisha, fungua mafaili kadhaa, ya zamani na ya karibuni, kabla ya kumrudishia mwenyewe.

Kabla ya yote hayo kuna swali la kumwuliza mteja, nalo ni wapi ataitumia diski yake. Televisheni na redio nyingi za zamani hazisomi NTFS, na kompyuta za Apple huisoma lakini haziandiki humo. Aliye na shughuli hizo ni afadhali aikatekate filamu yake vipande, au, vyombo vyake vikiusoma mfumo wa exFAT, usio na ukuta ule wa gigabaiti 4, anakili kila kitu mahali pengine kisha afomati kwa mfumo huo.

Nawasihi mafundi wenzangu wa Kamembe, wa Bugarama na wa Bukavu: diski iliyojaa ikiletwa mezani, nakilini kwanza yale yasiyopatikana tena duniani, hata kama fleshi mliyo nayo yatosha picha za familia tu, kisha geuzeni, na neno kufomati lisitamkwe mbele ya mteja mpaka ajue ya kuwa maana yake ni kufuta.