Oili "Bandia" na Oili "Sanisi": Uhakiki wa Maneno ya Dumu la Oili

Miongoni mwa maandishi yasomwayo kila siku na wananchi, lakini ambayo wafasiri hawayahesabu kuwa ni maandishi, yamo maneno yaliyopigwa chapa kwenye madumu ya oili ya magari. Mwenye gari asimamaye mbele ya duka la vipuri, iwe Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, huona mbele yake madumu manne au matano yenye bei zilizopishana mno, kila moja likijisifu kwa Kiingereza kuwa ni la "sinthetiki". Magari mengi yanayoingia Afrika Mashariki ni yale yaliyokwisha tumika Japani. Kitabu cha maelekezo, kama kimekuja na gari, mara nyingi kimeandikwa kwa Kijapani. Basi mnunuzi anabaki na vitu viwili vya kumwongoza: maandishi ya dumu na kauli ya muuzaji. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maandishi hayo, pamoja na maneno ya Kiswahili ambayo wafasiri, walimu wa ufundi na maofisa ununuzi huyaweka badala yake. Fasiri mbaya mahali hapa humgharimu mtu fedha, na pengine injini.

Tuanze na jina la kitu chenyewe, ambalo halina ugomvi mkubwa. Nyaraka za Serikali hupenda "vilainishi". Neno ni zuri na limeundwa kwa kanuni, lakini linakusanya pamoja grisi, oili ya giaboksi, mafuta ya mashine za viwandani, na hata bidhaa za afya ambazo hazihusiani na gari hata kidogo. "Mafuta ya injini" nayo ina hatari yake, kwa kuwa kutia mafuta kwenye gari, kwa msemaji wa kawaida, ni kutia petroli au dizeli. Fundi amekwisha tatua tatizo hili zamani: yeye husema oili, na husema kumwaga oili akiwa na maana ya kutoa ya zamani na kutia mpya. Hatuoni sababu ya kumnyang'anya neno lake. Kilainishi na kiwe jina la jamii nzima, na oili iwe jina la mwana mmojawapo.

Ugomvi wa kweli uko kwenye sifa ya pili, yaani hiyo "sinthetiki". Katika fasiri ambazo tumezipitia, neno linalojitokeza mara nyingi kuliko mengine ni "bandia". Mfasiri aliyelitumia hakulitoa hewani. Kiswahili kina meno ya bandia na miguu ya bandia, na hakuna asemaye kwamba daktari wa meno ni tapeli. Bandia katika matumizi hayo ni kitu kilichotengenezwa na binadamu kishike nafasi ya kitu cha asili. Lakini maneno hayakai peke yake. Hukaa na majirani. Likikaa karibu na kiungo cha mwili, bandia hubaki na maana yake ya upole. Likikaa karibu na bidhaa ya dukani, halina maana nyingine ila moja: kitu cha kughushi, kilichowekwa chapa ya mwenzake ili kumdanganya mnunuzi. Nchini Tanzania Tume ya Ushindani hukamata bidhaa bandia na kuziteketeza, na oili ya magari ni moja ya bidhaa zinazoghushiwa. Hivyo mfasiri aandikaye "oili bandia" kwenye karatasi ya maelekezo anampa msomaji onyo badala ya maelezo. Oili iliyo ghali kuliko zote rafuni anaipa jina la ile ambayo polisi wanaitafuta. Hili si kosa dogo la ladha, kwa sababu maana imepinduka juu chini.

Wengine, kwa kuikwepa bandia, wameandika "oili ya kutengenezwa" au "oili ya viwandani". Tunauliza: ni oili ipi isiyotengenezwa, na ni ipi isiyotoka kiwandani? Hata oili ya bei ya chini kabisa imepita kwenye mitambo ya kusafisha mafuta ghafi na kutiwa viambato kadhaa vya nyongeza. Istilahi ambayo inafaa kwa kila kitu cha jamii yake haibagui, na istilahi isiyobagua haina kazi. Wapo pia walioshauri "oili unde", kwa kufuata mjadala wa miaka ya karibuni ambapo akili bandia, akili mnemba na akili unde zimeshindania jina la kitu kimoja. Pendekezo hilo lina mvuto kuliko lionekanavyo, na tutalirudia. Kwa sasa tuseme kwamba neno lenye haki ya kwanza ni "sanisi". Kila mwanafunzi aliyesoma biolojia kwa Kiswahili amekwisha kutana nalo katika usanisinuru, yaani namna mmea unavyojenga chakula chake kwa nguvu ya mwanga. Sanisi ina wazo la kujenga kitu kikubwa kwa kuunganisha vidogo, na ndilo wazo linalotakiwa. Mtu anaweza kututania kwamba linafanana mno na usanii, neno ambalo mitaani limekuwa jina la ulaghai. Utani huo tunaupokea, ila tunaona kwamba umbali kati ya sanisi na usanii ni mkubwa kuliko umbali kati ya bandia na ughushi, ambao haupo kabisa.

Hata hivyo istilahi sahihi haitoshi ikiwa kitu chenyewe kimehama. Wanakemia wa Taasisi ya Petroli ya Marekani, ijulikanayo kwa herufi API, wamegawa mafuta ya msingi ambayo oili hutengenezwa kwayo katika vikundi vitano. Kikundi cha I, cha II na cha III hutokana kwa kawaida na mafuta ghafi, na hutofautiana kwa kadiri yalivyosafishwa. Kikundi cha IV ni mafuta yaliyojengwa kwa kuunganisha molekuli ndogo zitokanazo na gesi ya ethilini. Kikundi cha V ni mengine yote, zikiwamo esta. Zamani neno sinthetiki lilielekea kwenye vikundi viwili vya mwisho. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni ya Castrol ilianza kuuza Marekani, kwa jina hilo hilo la sinthetiki, oili iliyotokana na kikundi cha III, yaani mafuta ya petroli yaliyovunjwa na kupangwa upya kwa haidrojeni chini ya kani kubwa. Mobil wakalalamika mbele ya chombo kinachosuluhisha migogoro ya matangazo ya biashara nchini humo, na mwaka 1999 uamuzi ukawapa ushindi Castrol. Tangu hapo, katika soko la Marekani na masoko mengi yanayolifuata, neno sinthetiki limekuwa jina la biashara linaloenea vikundi vitatu. Ujerumani imeendelea kuwa na desturi kali zaidi: oili ya kikundi cha III haiitwi "sinthetiki kamili", bali hupewa maneno ya kuzunguka.

Tena si haki kudhani kwamba kikundi cha III ni duni kwa sababu tu kiliingilia mlango wa nyuma. Ili mafuta yahesabiwe humo, fahirisi yake ya mnato, yaani kipimo cha namna yanavyostahimili joto bila kuwa majimaji, haina budi kufikia 120 au zaidi, na salfa isizidi asilimia 0.03. Kiwanda cha Pearl kilichopo Qatar, ambacho kilianza kazi mwaka 2011, hutengeneza mafuta ya msingi kutokana na gesi asilia bila kugusa mafuta ghafi, na bado mafuta hayo huwekwa katika kikundi cha III. Hapo ndipo "unde" ingeweza kutufaa. Kiswahili hutofautisha kuunda na kusafisha waziwazi kabisa. Jahazi huundwa, mchele husafishwa, na hakuna anayechanganya kazi hizo mbili. Lakini lebo ya Kiingereza imekwisha zichanganya, na mfasiri hana mamlaka ya kutenganisha kile ambacho mwenye kiwanda hakukitenganisha. Awezalo ni kuandika "sanisi" bila kuipamba, na kudai kikundi cha mafuta ya msingi kitajwe pale penye mkataba wa ununuzi.

Mapambo yenyewe ni mawili, "kamili" na "nusu". La kwanza tunalipita upesi: viambato vya nyongeza huweza kuyeyushwa katika mafuta ya kawaida kabla ya kuchanganywa, kwa hiyo ukamilifu huo ni wa matangazo zaidi kuliko wa kemia. La pili linahitaji tahadhari. Kiambishi cha Kiingereza kinachofasiriwa "nusu" katika "nusu sinthetiki" ni kilegevu. Kinaweza kuwa na maana ya sehemu yoyote, ndogo au kubwa. Nusu ya Kiswahili ni kipimo. Mwambie mama sokoni akupimie nusu kilo, akikupa robo mtagombana. Hivyo mfasiri anapoandika "oili nusu sanisi" anatoa ahadi ya asilimia 50 ambayo mwenye kiwanda hakuitoa. "Oili yenye mchanganyiko wa sanisi" ni ndefu, lakini haisemi uongo.

Tunafika sasa kwenye neno ambalo kwa maoni yetu limewadhuru wenye magari kuliko bandia, nalo ni "uzito". Gereji zote husema oili nzito na oili nyepesi. Kwa upande wa lugha hakuna ubaya: tuna uji mzito na mchuzi mwepesi, na hakuna anayefikiria mizani. Ubaya uko kwenye heshima iliyobebwa na neno. Katika Kiswahili mtu mzito ni mwenye cheo, hoja nzito ni yenye maana, na kazi nyepesi ni ya mtoto. Mnunuzi akiambiwa kwamba oili moja ni nzito na nyingine ni nyepesi, amekwisha chaguliwa na lugha kabla hajachagua mwenyewe. Ndiyo sababu injini nyingi za Toyota za miaka ya karibuni, ambazo zimekusudiwa oili ya 0W-20, hutiwa 20W-50 na watu wanaoamini kwamba wanazitendea wema. Mianya ya injini hizo ni midogo, na pampu yake imepangiwa kusukuma kitu kinachotiririka upesi. Oili iliyo nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu wakati wa kuwasha, na huiongezea injini ulaji wa petroli. Kwa hiyo "mnato", ingawa ni neno la darasani na linawachekesha mafundi wanaodhani linahusu gundi, lina sifa moja kuu: halimsifu wala kumdharau mtu. Tunashauri lishike nafasi yake katika vitabu vya vyuo vya ufundi na kwenye maelekezo yote yaliyoandikwa, na uzito ubaki mdomoni mwa fundi.

Tarakimu nazo zinahitaji mwalimu. Katika 0W-20 na 20W-50 mna 20 mbili, na wengi huzichukua kuwa ni ndugu. Sivyo. Tarakimu iliyofuatwa na W hueleza tabia ya oili ikiwa baridi. Ile ya nyuma hueleza mnato wake kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kiwango cha SAE, daraja la 20 huwa kati ya milimita mraba 6.9 na 9.3 kwa sekunde katika joto hilo, na daraja la 50 kati ya 16.3 na 21.9. Tofauti hiyo inakaribia mara mbili na zaidi. Herufi W hutokana na neno la Kiingereza la majira ya baridi, na tumeona mahali ilipofasiriwa "kipupwe". Kipupwe cha pwani ni upepo mwanana na shuka moja usiku. Kipimo cha kuzungusha injini kwa 0W hufanywa kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri, baridi ambayo hata Kitulo, kunakoamka sakitu mashambani, haijapata kuijua. Heri W ibaki W, na ielezwe kuwa ni "ya kuwashia injini ikiwa baridi". Maelezo hayo ni kweli Dar es Salaam kama yalivyo kweli Helsinki, kwa kuwa injini iliyolala usiku ni baridi kuliko injini iliyokwisha tembea, popote ilipo.

Zinabaki herufi za ubora za API: kwa injini za petroli S hutangulia, na kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele katika alfabeti ndivyo kiwango kilivyo kipya. SN ilitoka mwaka 2010, SP mwaka 2020, SQ mwaka 2025. API yenyewe imeandika kwamba SF imepitwa na wakati, na haifai kwa injini nyingi za petroli zilizoundwa baada ya mwaka 1988. Muuzaji hazisomi herufi hizi kwa sauti kwa sababu zimeandikwa nyuma ya dumu, kwa maandishi madogo, wakati "sinthetiki" imeandikwa mbele kwa rangi ya dhahabu. Mfasiri anayefuata mpangilio wa lebo neno kwa neno hufuata na udanganyifu wake. Tungependa kuona dumu la Kiswahili limeandikwa hivi: "Oili ya injini ya petroli. Mnato 5W-30. Daraja API SP. Sanisi, kikundi cha III. Lita 4." Maneno hayo yanaenea upande mmoja wa dumu, na katika nafasi inayobaki mwenye kiwanda anaweza kuchora miali ya moto, chui au gari la mashindano, kama apendavyo.