Uhakiki wa Uchoraji wa Grafu za Kipeo cha Pili kwa Jedwali Pekee: Mfano wa Bonde la Kilombero

Uhakiki huu unachunguza mazoea ya kuchora grafu za milinganyo ya kipeo cha pili kwa kutegemea jedwali la namba pekee. Hoja kuu ni kwamba jedwali lisipotanguliwa na ulinganifu huficha nukta ya mgeuko. Katika y = x² − 3x + 2, jedwali la namba nzima hutoa sifuri x ikiwa 1 na 2; mwanafunzi akiziunganisha kwa mstari mnyoofu, grafu hupata kitako bapa. Kumbe mhimili wa ulinganifu hupita katikati, x = 1.5, ambapo y = −0.25.

Dosari hii ina uzito Ifakara, penye kilimo cha mpunga. Tuchukulie uzio wa mita 60 unaozunguka kitalu cha miche pande tatu, upande wa nne ukiwa mfereji. Upana ukiwa x, eneo ni x(60 − 2x). Jedwali linaloruka kwa 10 hutoa 0, 400, 400, 0. Ulinganifu hutoa kilele: x = 15, mita za mraba 450. Hizo 50 ni miche ya mkulima.

Mwanafunzi aliyejifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi hukutana na grafu hizi sekondari kwa Kiingereza. Asipoelezwa maana ya mgeuko, hukariri x = −b/2a bila kujua inakotoka. Hivyo, inapendekezwa mhimili utangulie, kilele na vikato vifuate, na jedwali liwe la kuhakiki tu.