Aideomai: Ustadi wa Homer katika Kitenzi cha Haya

Aideomai ni kitenzi cha Kigiriki cha kale chenye maana ya kuona haya, na ndani yake mna staha pia: anayemwonea haya mzee, mgeni au mungu huwa anamheshimu papo hapo. Anayeonewa haya hutajwa kama yambwa ya kitenzi, ndiyo maana msikilizaji hujua mara moja ni macho ya nani yanayoogopwa.

Homer alikitumia kwa ustadi wa kustaajabisha. Katika Odyssey, Nausicaa anaona haya kumtajia baba yake habari za ndoa, akaomba gari la kupelekea nguo mtoni. Baba anaelewa yote. Hapo haya ni nyepesi, hata inapendeza.

Katika Iliad haya inaua. Andromache anapomsihi Hector asirudi uwanjani, katika kitabu cha 6, mumewe anajibu kwamba anawaonea haya wanaume na wanawake wa Troy. Katika kitabu cha 22 Hector amebaki peke yake nje ya lango, adui yake Achilles anakaribia. Juu ya ukuta mama yake, Hecuba, anafunua kifua na kumwomba alistahi titi lililomnyonyesha. Kitenzi ni kilekile. Hector habanduki. Punde anajisemea mstari aliomwambia mkewe, neno kwa neno. Lakini sasa amekwisha kukataa shauri la mwenzake Polydamas la kurejea mjini, na watu wake wameangamia kwa ukaidi wake. Haya iliyokuwa fahari ya shujaa imegeuka aibu ya kiongozi. Ni kweli, kama mtafiti Milman Parry alivyoonyesha mwaka 1928, kwamba virai vinavyorudiwa katika tenzi hizi ni urithi wa mapokeo. Hata hivyo, kujua mahali pa kuurudisha mstari wa urithi ni kazi ya fundi, na hapa ufundi umefika kileleni.

Achilles naye anaombwa kwa kitenzi hicho zaidi ya mara moja. Lycaon, kijana asiye na silaha, anamshika magoti akimsihi amstahi na kumhurumia, lakini anauawa. Katika kitabu cha 24 Priam, baba yake Hector, anamwomba aistahi miungu na amkumbuke baba yake mwenyewe. Wote wawili wanalia, na Priam anakabidhiwa maiti ya Hector.